Msiagize mdoli, anzeni na kanga

Hospitali za nyumbani zikituomba sisi tulio Uingereza vifaa vya mazoezi ya dharura, ombi huwa mdoli yule wa bei mbaya, anayepumua na kupepesa macho. Betri ikifa, anafungiwa stoo.

Huku cha kuiga ni mazoea. Hospitali ya Southmead, Bristol, tangu 2000 wakunga na madaktari hufanya zoezi la dharura za uzazi pamoja, katika hospitali yao wenyewe. Na tusijidharau: hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, waligundua kwamba kozi ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua haikubadilisha kazi ya wodini. Walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000.

Tuseme mzazi, mama aliyetoka kujifungua, anatokwa damu nyingi. Chemsha choya upate lita moja ya maji mekundu. Pima kanga kavu, imwagie nusu lita, kila mtu akisie kwa macho, kisha ipimeni tena: gramu moja iliyoongezeka ni takriban mililita moja. Wengi watakisia pungufu, na wodini ndivyo msaada unavyochelewa.

Sasa muuguzi mmoja alale kama mzazi, saa ianze. Kuita msaada, kukanda mji wa mimba, oksitosini (dawa ya kukaza mji wa mimba) yuniti 10 kwenye msuli, kanula (kimrija cha mshipani), dripu. Asiruhusiwe mtu kusema "nimeshachoma". Aende mpaka kwenye friji ya dawa. Hapo ndipo mtajua kwamba funguo anazo msimamizi aliyelala kwake, au mtungi wa oksijeni umejaa lakini spana haipo. Ndiyo maana zoezi la saa nne asubuhi halitoshi. Fanyeni na zamu ya usiku. Vichupa vya maji vinavyotumika badala ya dawa viandikwe ZOEZI na vihesabiwe kabla na baada, kwani kimoja kikirudi kabatini atachomwa mgonjwa.

Kigumu kwetu ni mazungumzo ya baadaye. Huku mwanafunzi humwambia daktari bingwa "hapo umesahau", na maisha yanaendelea. Kwetu shikamoo hutangulia na ukweli hubaki kooni. Basi asiongoze bosi. Aongoze mkunga wa kawaida, wadogo waanze kusema, wakubwa wamalizie. Dakika kumi zatosha, mradi iandikwe nani atachonga funguo ya pili na lini.