Mdogo wangu si mzembe, riba ndiyo kubwa

Jumamosi iliyopita nilitoboa ukuta wa sebule, nikatundika picha ya harusi ya wazazi wangu, na sikumwomba mtu ruhusa. Aliyewahi kupanga Uingereza ataelewa kwa nini nafurahia tundu la msumari. Kwenye nyumba za kupanga hapa Leicester picha zetu tulikuwa tunaziegemeza juu ya kabati, na kila tukihama mke wangu anapita na rangi nyeupe kuficha mikwaruzo ili tusikatwe amana. Sasa ukuta ni wetu, kwa asilimia 40, na nitaeleza.

Nilimtumia mdogo wangu picha. Yeye ni mwalimu Arusha, ana mke na watoto watatu. Alifurahi kwa dhati, akanipigia, tukaomba pamoja kwenye simu. Kabla hatujaagana akaniambia na wao wanahama: mwenye nyumba wa Sombetini kapandisha kodi, na anaitaka ya mwaka mzima. Kesho yake shemeji akanitumia picha ya kirikuu kimepakia godoro, jiko la gesi, madaftari ya shule ndani ya beseni, na mtoto wa mwisho kakaa juu ya mzigo amekumbatia kioo. Wanaelekea Sinoni. Dalali wa Sinoni naye kashachukua mwezi wake.

Kinachoniuma ni kwamba mdogo wangu ana nyumba. Iko Muriet. Kiwanja alinunua wakati mimi sina hata wazo la kununua chochote, akamwaga msingi, akapandisha kuta mpaka kwenye linta, hapo pesa ikakata. Nilipokwenda likizo alinipeleka. Nyasi zimefika magotini sebuleni, nondo za nguzo zimeshika kutu, na kwenye kona ya chumba cha watoto kuna mifuko ya saruji iliyopigwa na mvua ikageuka jiwe, mikunjo ya mfuko bado inaonekana. Aliipapasa akasema, "Haya kaka ndiyo malimbikizo yangu ya kupanda daraja."

Pesa yake imelala kwenye kuta zisizo na bati, na huku kila mwaka anamlipa mtu mwingine ili watoto wapate pa kulala. Mimi nimeingia kwanza, nalipa nikiwa ndani. Yeye analipa kwanza, kuingia ni siku Mungu akijalia. Tofauti yetu ni hiyo tu, na ndiyo inayokula maisha ya watu.

Najua wapo watakaosema nimekuja kujionyesha. Mimi ni dereva wa basi, mke wangu anahudumia wazee kwenye kituo. Hapa England kuna utaratibu wa watu wa kipato chetu, kaya isiyozidi pauni 80,000 kwa mwaka ukiwa nje ya London. Unanunua sehemu ya nyumba, kuanzia asilimia 10 mpaka 75, kwa mkopo wa benki, na sehemu iliyobaki unailipia kodi kwa shirika la nyumba. Ukipata nguvu unaongeza sehemu yako. Pesa ya kuanzia tuliidunduliza kwenye akaunti maalumu ambayo unaifungua kabla hujafika miaka 40: ukiweka pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inakuongezea 1,000. Hakuna akili ya ajabu tuliyotumia. Tulijaza fomu, tukasubiri, tukakubaliwa.

Mdogo wangu ana nidhamu ya pesa kuliko mimi. Hilo nalisema mbele ya ukoo wote. Kwa hiyo nikisikia wazee wetu kwenye misiba na harusi wanasema vijana wa siku hizi hawana nyumba kwa sababu ya nyama choma na simu za bei, damu inanichemka. Wakae chini tupige hesabu.

Chukua mkopo wa shilingi milioni 50. Kwetu riba ya mkopo wa nyumba kwa miaka mingi imecheza kati ya asilimia 15 na 19. Weka asilimia 16, kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa kama 734,000, na ukimaliza utakuwa umerudisha zaidi ya milioni 132. Sasa mkopo huohuo uweke kwenye riba ya asilimia 5 kwa miaka 25, ambayo ndiyo inafanana na yangu huku. Kila mwezi ni kama 292,000. Nyumba ni ileile na tofali ni zilezile. Na mtumishi wa umma haruhusiwi kukatwa mpaka abaki chini ya theluthi moja ya mshahara, kwa hiyo ili ubebe rejesho la 734,000 lazima mshahara wako uwe zaidi ya milioni moja na laki moja, bila deni lingine hata moja. Nionyesheni ni walimu wangapi wa msingi wenye watoto watatu wanaofika hapo. Shirika la Nyumba la Taifa limepeleka mradi wa Safari City pale Mateves, na mimi napenda kuona nyumba zinajengwa kwa mpango. Lakini nyumba bila mkopo wa kuinunua, mwalimu ataipita akiwa kwenye daladala.

"Hiyo nyumba yako ni ya benki," ataniambia mmoja. Ni kweli. Nikishindwa kulipa wataichukua, na nitakuwa na deni mpaka mvi zinijae kichwani. Ila ya Sombetini ilikuwa ya nani? Mwenye nyumba aliwatoa na walikuwa hawadaiwi hata senti.

"Sisi tunajenga bila deni, ndiyo heshima yetu." Hapo nakuvulia kofia, tena kwa moyo. Sijaona huku watu wanaoweza kupandisha nyumba kwa kununua tofali kila mwisho wa mwezi, huku wanasomesha, wanachangia harusi, wanazika. Majirani zangu hapa ukiwaambia jambo hilo hawaamini. Nimelelewa na watu wa namna hiyo na najivunia. Ila nimechoka kuona uvumilivu wetu unageuzwa kisingizio cha kutofanya chochote. Mtu akivumilia miaka 15, watoto wameshamaliza shule wakiwa wapangaji. Chumba cha watoto kitaezekwa siku hakuna mtoto wa kulala humo.

Na isije ikasemwa kwamba hatuna sheria. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu ili nazo zikopeshe kwa muda mrefu. Nia ilikuwa nzuri na wapo walionufaika. Ila benki inataka hati ya kiwanja. Mdogo wangu ana karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na mwenyekiti wa mtaa, na majina ya mashahidi wanne chini yake. Mtaani karatasi hiyo ni ukweli mtupu, kila mtu anajua kiwanja ni chake. Benki wakaitazama wakamrudishia. Akakimbilia mkopo wa mshahara, wa miaka michache, riba juu, ukaishia kwenye linta. Kisha ikaja kampuni ya urasimishaji, yaani ya kupima viwanja ili wenyewe wapewe hati, wakachangishana mtaa mzima, wapimaji wakapita na vifaa vyao, wakachomeka vigingi vya mipaka. Hati hazijatoka. Ukiuliza ofisini unaambiwa faili lipo kwenye mchakato.

Hapo ndipo napata hasira, kwa sababu jambo hili linawezekana. Serikali ya huku inamwongezea dereva wa basi robo ya akiba yake. Sisi tuanze tu na kumpa mwalimu hati ya kiwanja alichokilipia, na tuone benki zitasema nini akiwa nayo mkononi. Riba ni vita ndefu, naelewa. Hati ni kazi ya ofisi.

Kikao cha mtaa wake ni Jumapili ijayo na diwani ameahidi kufika. Barabara na maji vitasemwa, na visemwe. Nimemwomba mdogo wangu anyooshe mkono aulize kuhusu michango ya upimaji: ilikusanywa kiasi gani, nani aliipokea, na hati za Muriet zinatoka mwezi gani. Ataniandikia majibu, nami nitayaweka hapa neno kwa neno.