Ukifika Lisbon, Anza na Dhahabu ya Kilwa

Mgeni anayeingia Lisbon huelekezwa mtaa wa Belém mapema: apange foleni kwenye Mnara wa Belém, apige picha kwenye kaburi la Vasco da Gama ndani ya kanisa la Jerónimos, kisha arudi katikati ya mji kununua sumaku za friji. Kwa mtu wa pwani yetu, mpango huo unaruka kitu kikubwa kuliko vyote. Kipo Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes, na kinaitwa Custódia de Belém.

Ni monstransi, chombo cha Kikatoliki cha kuonyeshea Ekaristi (mkate mtakatifu), ya dhahabu na enameli, yenye urefu wa sentimita 73 hivi, iliyokamilika mwaka 1506 kwa amri ya Mfalme Manuel I wa Ureno. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka sehemu ya Ekaristi. Usiishie kutazama juu. Inama uangalie maandishi yanayozunguka kitako: yanatamka wazi kwamba mfalme aliagiza itengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya "Qvilva", yaani Kilwa. Kodi hiyo Vasco da Gama aliitoza mwaka 1502 kwa kumtisha sultani kwa mizinga. Mwaka 1505, monstransi ikiwa bado haijakamilika, kamanda Mreno Francisco de Almeida aliuvamia mji wenyewe na kuupora. Wengi hupita hapo wakisifu ufundi tu, na ufundi kweli upo. Lakini sisi tunajua dhahabu ile ilitoka kwa nani, na kila Mtanzania anayejaliwa kufika Lisbon angefaa asimame mbele yake kabla ya kwenda kwenye kaburi la aliyeichukua.

Basi namba 714 kutoka Praça da Figueira hupita Janelas Verdes na kuendelea hadi Belém, kwa hiyo siku moja yatosha kwa vyote. Jumatatu usijisumbue, makumbusho hayo na Jerónimos hufungwa.

Sasa madukani. Kitu cha Lisbon chenyewe ni azulejo, vigae vya kauri vinavyopamba kuta za nyumba. Vya zamani huuzwa Feira da Ladra, gulio la Campo de Santa Clara, Jumanne na Jumamosi. Hapo sina huruma: usinunue. Vingi vya namna hiyo vimebanduliwa usiku kwenye kuta za watu, na kila kinachopata mnunuzi kinamwita mwizi arudi ukutani. Nunua kipya kilichochorwa kwa mkono. Kisogeze karibu na macho, ukiinamishe kwenye mwanga: cha mkono kina alama za brashi, na buluu hukolea pale mchoraji aliporudia mstari. Kilichochapwa kina vidoti vidogo vilivyolingana, na ukikilinganisha na mwenzake, maua yanafanana hadi kasoro. Kifunge kimoja kimoja ndani ya nguo, maana vikigusana hubanduka kingo.

Samaki wa makopo wa Conserveira de Lisboa, duka la Rua dos Bacalhoeiros lililofunguliwa mwaka 1930, ni zawadi nzuri pia. Waweke kwenye begi kubwa, kwa sababu mafuta ya ndani huleta ubishi kwenye ukaguzi wa mizigo ya mkononi.

Kuhusu kurudishiwa VAT, wengi hupoteza haki yao kwa kukosea mpangilio. Risiti moja lazima ivuke euro 50 kabla ya kodi; kwa bidhaa za VAT ya asilimia 23, hiyo ni zaidi ya euro 61.50 dukani. Toa pasipoti na uombe fomu palepale unapolipa. Uwanja wa ndege, pitisha fomu kwenye mashine za e-Taxfree, zinazoithibitisha, kabla ya kukabidhi begi, kwani forodha wakitaka kuona bidhaa na begi limeshaondoka, hela imekwenda. Wakala anayekurudishia hela hukata ada yake, hivyo usitegemee asilimia 23 nzima. Kinachoangaliwa ni kama unaishi nje ya Umoja wa Ulaya, si uraia wako: Mtanzania mkazi wa Berlin hapati, ila wa London au Dar es Salaam anapata.