Gogo likizuiwa bandarini, nani anafaidika?

Mwaka 2010 Gabon ilifunga mlango: hakuna tena gogo zima kupandishwa melini. Kabla ya hapo, okoume yake, mti mwepesi unaomenyeka vizuri kuwa vinia, yaani tabaka nyembamba za mbao, ilikuwa ikienda China mbichi na kugeuzwa plaiwudi hukohuko. Msumbiji nayo ilizuia magogo mwaka 2017.

Hoja ya wanaozuia haihitaji maelezo mengi: anayeuza gogo anauza na ajira iliyomo ndani yake. Na wana haki ya kuwa na kinyongo. China ilianza kubana ukataji kwenye misitu yake ya asili baada ya mafuriko ya mto Yangtze ya mwaka 1998, na kufikia 2017 ikausimamisha ukataji wa kibiashara. Viwanda vyake havikusimama. Shoka lilihamia kwingine.

Lakini upande wa pili una uzito kuliko wanasiasa wanavyokiri. Mnunuzi wa nje akiondolewa, bei ya gogo ndani ya nchi hushuka, na mali ya bei chee haitunzwi. Kwenye kiwanda chenye misumeno iliyochoka, nusu ya gogo au zaidi huishia kuwa mabanzi na vumbi. Ili kujaza kontena moja la mbao, miti inayoangushwa inaweza kuwa maradufu ya ile ambayo ingejaza kontena la magogo. Serikali nayo hupoteza ushuru wa gogo, halafu humpa mwenye kiwanda msamaha wa kodi. Tena mwenye kiwanda si lazima awe mwenyeji: eneo la viwanda la Nkok, karibu na Libreville, mji mkuu wa Gabon, lilijengwa kwa ubia wa serikali na Olam ya Singapore.

Wala mlango uliofungwa haukosi ufa. Mwaka 2019, kwenye bandari ya Owendo hukohuko Gabon, zaidi ya kontena 350 za kevazingo, mti uliokatazwa kukatwa, zilitoweka zikiwa tayari zimeshikiliwa. Makamu wa rais na waziri wa misitu wakafukuzwa kazi.

Mimi niko upande wa kuzuia, ila kwa hatua, na baada ya kupata hesabu sahihi. Gogo hupimwa kwa futikamba kipenyo na urefu, kisha hugongwa nyundo ya alama. Anayepima akisoma sentimita 78 badala ya 80, karibu asilimia 5 ya ujazo imeyeyuka, na hakuna aliyeiba kitu kinachoonekana. Tanzania inalijua hili: ripoti ya mwaka 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, ilikuta kwamba rekodi za China zilionyesha mazao ya mbao kutoka Tanzania mara 10 ya yale yaliyomo kwenye rekodi za Tanzania yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujenga kiwanda kingine, ningetaka forodha za pande zote mbili zibadilishane orodha, namba ya gogo kwa namba ya gogo. Sheria ya misitu ya China iliyoanza kutumika Julai 2020 inakataza kununua, kusafirisha na kusindika mbao zinazojulikana kuwa haramu. Bila orodha hiyo, mnunuzi ataendelea kusema hakujua.