Nimeuliza Tu Moshi Unaenda Wapi

Arusha mwezi wa saba mnaijua, watu tunalala na soksi, ofisini kila mtu kakumbatia kikombe cha chai na hataki kukiachia. Sasa asubuhi moja wiki iliyopita nimeingia, nimesalimia vizuri, nimekaa, jirani yangu wa meza akainuka taratibu akaenda kufungua dirisha. Dirisha! Kwa baridi ile! Akarudi, akajitanda kitenge chake, akaendelea na kazi. Hakusema neno, ni dada wa heshima zake. Lakini ujumbe ulinifikia, maana shati nililovaa lililala sebuleni na usiku wa kuamkia siku hiyo kwangu tulikaanga dagaa.

Na msianze kuniambia nifungue dirisha la jikoni. Dirisha la jikoni kwangu linatazamana na ukuta, upepo ukijisikia kuingia unausukuma moshi wote sebuleni unakaa kwenye mapazia. Kupikia nje sirudi, mkaa nilishaagana nao. Mwaka 2024 serikali ilipozindua ule mkakati wa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, mimi mtungi wa gesi ulikuwa ndani zamani, nikajihesabu kabisa kwenye hiyo asilimia, raia mwema. Hakuna aliyenifafanulia kwamba gesi ni safi ila dagaa ni walewale.

Basi mama Glory akatangaza tunanunua hudi, kile kidude kinachokaa juu ya jiko kuvuta moshi. Dada yake kule Njiro anayo, ina kioo, ina taa, unaigusa tu inawaka. Kwa hiyo vigezo vya nyumbani kwangu vikawa viwili, kioo na taa. Nikauliza, na kuvuta je? Akanitazama vile anavyonitazamaga.

Mimi hela yangu haitoki kabla sijasoma, kwa hiyo nikasoma. Upana wa hudi usipungue upana wa jiko, jiko letu ni sentimita 60 basi na hudi iwe 60 au zaidi. Juu ya jiko la gesi iachwe nafasi, sentimita 65 mpaka 75 hivi, ukiishusha chini ya hapo unatafuta moto, ukiipandisha sana moshi unapita pembeni unakwenda zake. Halafu nguvu, unachukua ukubwa wa chumba unazidisha mara kumi, maana hewa yote inatakiwa ibadilike angalau mara kumi kwa saa. Jikoni kwangu mita tatu kwa tatu, kwenda juu mbili na nusu, ni mita za ujazo 22 na nusu, kwa hiyo mashine ya kuvuta 225 kwa saa inatosha, tuseme 300 maana bomba nalo lina kona zake na sisi ni watu wa kukaanga. Nikaandika yote kwenye karatasi nikaikunja vizuri, nikaingia mjini na heshima zangu, mteja anayejua anachotaka.

Duka la kwanza, kuna chalii pale, kachana nywele vizuri, akanipokea kabla sijavuka mlango. "Karibu faza! Unatafuta hudi? Umefika." Akanipeleka kwenye moja nyeusi inang'aa, imening'inizwa ukutani juu ya meza ya vioo. "Hii ni Mjerumani." Nikachukua kitabu chake cha maelezo, Kichina kuanzia jalada mpaka mwisho. Nikamwonyesha. Akasema, "Mjerumani alihamia huko, faza."

Sawa. Nikamwuliza inavuta kiasi gani kwa saa. "Elfu moja na mia mbili!" Nikamwambia mimi nahitaji mia tatu. Akanionea huruma kabisa, akasema mia tatu ni za watu wa kuchemsha chai. Nikatoa karatasi. Akaisoma, akairudisha, akawasha taa ya hudi, akazima, akawasha tena, "Umeona taa?"

Nikamwambia kijana wangu, taa nimeiona, nina swali moja tu. Hii ikishavuta moshi, moshi unaenda wapi?

"Unavutwa, faza."

"Najua unavutwa. Ukishavutwa unaenda wapi?"

"Unaingia humu."

"Ukishaingia humo?"

Akaangalia hudi. Akaangalia juu. "Unapotelea humo humo."

Jamani, moshi unapotelea wapi? Nikamwambia hizi zipo za aina mbili, kuna ya bomba inatoa moshi nje ya nyumba, na kuna ya kuzungusha, inavuta, inachuja kwa filta ya mkaa, inarudisha hewa humo humo jikoni. Hii ni ipi? Akasema hii ni zote mbili. Nikauliza bomba liko wapi? Linauzwa pembeni. Filta ya mkaa? Imeisha, mpaka oda Dar. Sasa bila bomba na bila filta hiyo ni taa, nikamwambia, mnauza taa laki nne na nusu.

Hapo mama mwenye duka, ambaye muda wote alikuwa kwenye simu huko nyuma, akaropoka bila hata kuinua kichwa, "Si umwashie aone! Wateja wa siku hizi mpaka waone." Chalii akapata nguvu mpya. Akachana boksi kipande, akakiwasha na kiberiti, akakilaza kwenye trei ya bati chini ya hudi, akabonyeza namba tatu. Na kweli mashine ikaunguruma, moshi ukanyooka kuelekea juu ukaingia kwenye wavu wote, hata mimi nikasema mh! Mama mmoja aliyekuwa anachagua masufuria akaacha akaja kuangalia. Chalii akakunja mikono kifuani. "Elfu moja na mia mbili hiyo, faza."

Sasa ile hudi kwa juu ina tundu la kuungia bomba. Bomba hakuna. Moshi ukaingia huku chini vizuri ukatokea kule juu vizuri zaidi, tena kwa kasi, ukagonga dari la jipsamu, ukatambaa, ukaanza kutushukia. Mama wa masufuria ndiye wa kwanza kukohoa. Halafu boksi lile lilikuwa na plastiki ya gundi pembeni, ule moshi mweusi unaochoma macho. Nikamwambia zima, akawa anabonyeza anawasha taa. Nje huko mtu akaona moshi unatoka mlangoni, na mnajua watu wetu, hakuuliza, akapiga kelele "MOTOOO!" Aisee. Wamachinga wa barazani walikusanya viatu kwa sekunde ambazo mgambo wa jiji hawajawahi kuzipata. Kijana wa kuosha magari akaingia na ndoo mbio, hakutafuta moto uko wapi, akamwaga maji pale alipoishia nguvu, yakaenda yote kwenye maboksi ya blenda. Mama mwenye duka sasa simu kaacha.

Moshi ulipopungua tukawa tumesimama wote macho mekundu, na chalii, namheshimu sana yule kijana, akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Lakini umeona inavyovuta?"

Nami nikaambiwa nichangie blenda. Eti aliyetaka kujaribu ni mimi! Mimi nimetaka lini, mimi nimeuliza swali! Tulibishana pale mpaka mama wa masufuria akanitetea, Mungu ambariki, masufuria hakununua.

Duka la pili walikuwa na picha tu. La tatu bei ilikuwa kwa dola, nikatoka bila kuaga. La nne wakaniambia ya kuzungusha ndiyo nzuri, haina usumbufu wa kutoboa, kumbe filta yake ya mkaa unabadilisha kila baada ya miezi mitatu mpaka sita, tena inapunguza harufu tu, mvuke haiugusi, vioo vya dirisha vitalia maji kama kawaida. Yaani nimeacha kununua mkaa wa gunia nianze kununua mkaa wa kwenye boksi, oda Dar. Na ule wavu wa kunasa mafuta, huo unaoshwa kila mwezi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo. Nikauliza nyumbani nani ataosha. Kimya. Glory akakumbuka ana homuweki. Kwenye kelele wakasema kasi ya mwisho ni kama desibeli 70, yaani mtu akiniita kutoka jikoni siwezi kusikia, na hicho ndicho kipengele pekee kilichonifurahisha.

Kwa hiyo ni ya bomba. Nikampigia mwenye nyumba kwa adabu zote, shikamoo mzee, habari za huko Machame, migomba inaendeleaje, nikashuka polepole mpaka kwenye tundu la milimita 150 ukutani. Akasema, "Nyumba nilikupa haina tundu, utanirudishia haina tundu." Nikamweleza ni kwa afya ya familia. Akasema mama yake alipikia mafiga matatu akafikisha miaka tisini, na kodi ya miezi sita ijayo nimeshaiandaa? Mimi nimeongelea ukuta yeye kahamia kwenye kodi! Mwishowe akakubali, ila tundu likitobolewa liwe mali yake. Sijui tundu linakuwaje mali ya mtu lakini nikasema asante mzee.

Fundi naye akaja akapima kwa kiganja, akashauri tutumie bomba la choo la inchi nne, "linaingia tu". Inchi nne ni milimita mia, hudi inataka 150, ukiibana koo hivyo inapiga kelele na haivuti. Akasema kwa Fulani amefunga hivyo na hawalalamiki. Bila shaka hawasikiani.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna duka lilinieleza. Ukuta wa kutoboa unaangalia dirisha la mama Juniori. Mita mbili. Yaani kuanzia siku hiyo bomba litakuwa linamsomea hali yangu ya kifedha. Tarehe 27 nyama ya kukaanga, tarehe 15 dagaa, tarehe 22 hakuna kinachotoka, mashine imezimwa. Na ana watoto wanne wenye pua nzuri. Mama Glory anasema tuelekeze bomba juu, juu kuna kamba yake ya kuanikia, anafanya kazi hospitali, sare zake nyeupe tupu. Nikigeuza kulia ni banda la kuku la mwenye nyumba, na kwa kumjua yule mzee kuku wakiacha kutaga nitaandikiwa barua.

Fundi nimempigia sasa hivi kuuliza kafikia wapi, maana alisema saa nne asubuhi na hii ni saa kumi. Anasema yuko Sakina anaingia, niandae chai. Nyuma yake konda wa kifodi cha upande wa pili kabisa wa mji anapiga kelele "Usa, Usa, Tengeru bado wawili!"