Mvua ya Dar: tuikimbizie baharini au tuinyweshe ardhi?

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua. Jiji hilohilo hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na masika yakikolea barabara ya Jangwani hufungwa kwa sababu ya maji. Piga hesabu: bati la mita za mraba 100 hupokea lita laki moja kwa mwaka. Nyingi huishia mtaroni, Mto Msimbazi, baharini.

Mvua hugawanyika mafungu matatu: nyingine hurudi hewani kwa jua na majani, nyingine huzama, nyingine hutiririka. Tukimwaga zege na kutandika pevingi hadi ukutani, mafungu mawili ya kwanza hukonda, la tatu hunenepa. Mtaro unahamisha tu balaa kutoka kwa wa mlimani kwenda kwa wa mabondeni.

Hata hivyo, watetezi wa mitaro hawasemi ovyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na waathirika wengi wakahamishiwa Mabwepande. Mvua ya namna ile hainywewi na bustani. Zhengzhou, China, uliwekeza katika mpango wa kuufanya mji unyonye maji kama sponji. Julai 2021 zikashuka milimita 201.9 ndani ya saa moja, mji ukazama. Halafu kuna jambo tusilopenda kulitaja mezani: vyoo vya shimo, na wanaovitapisha mvua ikinyesha. Kuyazamisha maji hayo ni kuyapeleka kisimani kwa jirani. Na sehemu za Mikocheni au Msasani, ambako maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, shimo la kuzamishia litajaa lenyewe kabla ya mvua kulifikia.

Lakini pwani hiyohiyo ndiko visima vinakogeuka chumvi. Tunavuta maji baridi, bahari inajongea. Kinachoisukuma irudi ni mvua iliyozama. Kwa hiyo siafiki kuchagua upande mmoja kwa jiji zima. Juu, kuanzia vilima vya Pugu, maji yacheleweshwe na kuzamishwa. Chini, mtaro ubaki. Mradi wa Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022, haukuishia kwenye kuchimba mto na kujenga daraja pale Jangwani. Unagusa pia ardhi ya juu ya bonde. Hapo ndipo ningeutazama kwa makini, maana daraja huonekana na wapiga picha, udongo unaokunywa maji hauonekani.

Ugumu ni nani abebe gharama. Manzese nyumba zimegusana; shimo utalichimba wapi? Gata na simtanki la lita 1,000 vinasaidia, ila kwa bati lile la mita 100, milimita 10 tu zimelijaza, na mvua bado inanyesha. Sharti la kuyabakiza maji kiwanjani lianze kwa wenye viwanja vikubwa vya Mbezi na Masaki, waliotandika pevingi hadi kwenye shina la mwembe.