Presha haiumi jamani, ndo maana inatumaliza

Mjomba wangu ni fundi ujenzi, au niseme alikuwa, mtu wa miraba minne ambaye mfuko wa saruji wa kilo 50 alikuwa anautupia begani huku anaongea na simu, na ukimuuliza habari za afya jibu lake lilikuwa moja miaka yote, mi mzima bana, sijisikii chochote. Hilo jibu siku hizi nikilisikia kwa mtu naumwa tumbo kabisa. Presha ndo ilivyo, haikwambii kitu, unaweza ukatembea nayo miaka kumi unakula unalala unacheza na watoto, na yenyewe inaendelea kukaza mishipa ya ubongo, ya figo, ya macho, kimya kimya.

Aligundulika kwa bahati tu. Alikanyaga msumari saiti akaenda zahanati kuchoma sindano ya pepopunda, nesi akamfunga mkono akampima presha, 178/106, ipo juu sana. Akarudia, ile ile. Akapewa vidonge akameza mwezi mzima, aliporudi ikasoma 130 na kitu, akafurahi sana akasema nimepona, akaacha dawa. Hapa ndo naomba tuelewane maana naona watu wengi sana wanaangukia hapa hapa: mjomba hakuwa amepona, dawa ndo ilikuwa inafanya kazi. Ukitoa nguzo ukuta ukadondoka huwezi kusema ukuta ulikuwa umeshasimama wenyewe, na yeye fundi hilo angelielewa vizuri kama kuna mtu angekaa naye dakika tano akamwambia hivyo, ila siku ile foleni ilikuwa ndefu akapewa karatasi yake akaondoka.

Miezi saba baadaye, alfajiri, yuko uani anapiga mswaki, mswaki ukadondoka. Akainama akauokota, ukadondoka tena. Mke wake anasema alikuwa anauangalia ule mkono wa kulia kama vile wa mtu mwingine, akataka kusema kitu maneno yakatoka hayaeleweki, mdomo umeenda upande. Majirani wakaja, mmoja akasema huo upepo mbaya, mwingine akasema karushiwa kitu saiti kuna watu wanamuonea wivu, akapakwa mafuta, akanyweshwa kombe, zikapita siku mbili. Siwalaumu wale watu, walimpenda na walikesha naye, mimi nilipigiwa simu siku ya tatu. Daktari alipomaliza kuangalia picha ya ubongo akatuelezea taratibu kwamba hicho ni kiharusi, na ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ila inatakiwa ichomwe ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza mtu apigwe skani kuhakikisha mshipa haujapasuka. Masaa manne na nusu. Sisi tulikuwa na siku mbili zimeshapita.

Kwa hiyo mdomo ukienda upande, mkono au mguu wa upande mmoja ukaisha nguvu ghafla, mtu akaanza kuongea vitu havieleweki, hata kama kimoja tu kati ya hivyo, tafuta gari na angalia saa dalili zimeanza lini, daktari atakuuliza. Usimpe chakula wala maji, kumeza kunaweza kuwa kumeshaharibika akapaliwa. Dua waombe waliobaki nyumbani.

Sasa kuna kitu kimoja kinanikereketa. Mke wangu amebeba mimba mbili na kila alipoenda kliniki alipimwa presha, kwa sababu ya kifafa cha mimba, na hilo ni jambo zuri sana. Mimi ndani ya miaka hiyo hiyo nilipimwa mara ngapi? Hata mara moja! Nilikuwa namsindikiza nakaa kwenye benchi nje nachezea simu. Mwanaume anaweza kufika miaka 50 mkono wake haujawahi kufungwa kile kitambaa, kwa sababu hakuna kinachompeleka hospitali mpaka aanguke. Shirika la Afya Duniani linasema watu wazima wa miaka 30 mpaka 79 wenye presha mwaka 2024 walikuwa kama bilioni 1.4 na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Nusu! Mimi naamini kipimo kitufuate tulipo, kwa kinyozi, kijiweni kwa bodaboda, kwenye kikoba, msikitini na kanisani baada ya ibada. Marekani kule Los Angeles walijaribu kwenye vinyozi 52 vya watu weusi, mfamasia anakuja pale pale kwenye kiti anakupima na kukupangia dawa, matokeo yakatoka 2018, ile namba ya juu ilishuka kwa wastani wa 27 ndani ya miezi sita, wenzao walioambiwa tu na kinyozi wakamuone daktari ikashuka 9. Sasa sisi na vinyozi vyetu vilivyojaa kila kona tunashindwa nini?

Alafu kuna lile jambo wanaume hatulisemi kwa sauti, kwamba dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Kweli baadhi ya dawa zinaweza kusumbua, ila presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa ya huko huko. Dawa ikikuletea shida, iwe hiyo, iwe kikohozi kikavu, iwe miguu kuvimba, rudi useme, zipo za aina nyingi utabadilishiwa. Kuacha kimya kimya ndo kulikomfikisha mjomba pale.

Na chumvi jamani. Kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya kwenye mboga, ya kwenye mkate, ya kwenye viungo vya pakiti, ng'onda, chipsi, na ile embe mbichi ya chumvi na pilipili tunayokula barabarani. Nyumbani kwetu tumeondoa kopo la chumvi mezani, wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama cha mgonjwa, sasa hivi tumeshazoea.

Tulichanga ndugu wanne tukanunua mashine, ya kufunga mkono wa juu sio ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono. Jumapili jioni tunakaa uani kwa mjomba, unakojoa kwanza, unatulia dakika tano umeegemea kiti miguu chini, hamna kuongea, mkono juu ya meza, unapimwa mara mbili tunaandika kwenye daftari la mistari. Ikivuka 140/90 na siku nyingine ikarudia, unaenda hospitali. Mjomba ndo anashika daftari, anaandika kwa mkono wa kushoto, namba zake kubwa kubwa zimepinda. Jumapili ya kwanza kaka yangu mkubwa, miaka 41, anacheza mpira kila wiki, hajisikii chochote, ilisoma 164/102. Jumapili iliyopita ilikuwa 134/84, na dawa bado anameza.