Wanawake wa Bondeni Wapewe Spana

Masika haya, hapa kwetu Pemba, pawatila, trekta dogo la kuongozwa kwa mikono, ya ushirika mmoja ililala pembeni ya jaruba na mvua inanyesha, wenye mashamba wamekaa kwenye tuta wanaitazama. Ikizungushwa hendeli inakohoa, inatoa moshi kidogo, inazima. Fundi yuko mjini. Alipopokea simu jibu lake lilikuwa moja: "Msiiguse mpaka nije." Siku alipokuja, akafungua nati, akatoa upepo kwenye dizeli, akakaza, mashine ikawaka. Akalipwa nauli na ufundi, akaenda zake. Hasira zangu mpaka leo hazijapoa.

Fundi kulipwa ni haki yake. Kinachoniuma ni kwamba kazi ile angeweza kuifanya yeyote kati ya wale kina mama waliokaa pale, lau kama kuna mtu aliyewahi kuwaonesha. Mafuta yakimalizika tangini, au filta ikibadilishwa, upepo huingia kwenye mrija na pampu haisukumi kitu. Injini hizi ndogo za silinda moja tangi lake liko juu, dizeli inashuka yenyewe. Unalegeza nati ya kutolea upepo, linatoka povu, unangoja mpaka ije dizeli tupu isiyo na mapovu, unakaza. Halafu unalegeza mrija wa kwenye nozo, inayopulizia dizeli ndani ya injini, mwenzako anazungusha hendeli, dizeli ikianza kuruka unakaza tena. Basi. Spana na kitambaa safi.

Mvua haimsubiri fundi. Mpunga wetu mwingi unategemea mvua, na ukichelewa kuburuga, yaani kulainisha tope la jaruba, umechelewa kupanda; masika yakikatika mpunga ndio kwanza unatoa mashuke, na mashuke yakikosa maji yanabaki mapepe, maganda yasiyo na punje. Hasara hiyo fundi hailipi. Anayeibeba ni mwanamke, maana bonde la mpunga, Unguja na Pemba, ni la wanawake. Wao ndio wanaopanda, wanaopalilia, wanaoamia ndege, wanaovuna kwa visu. Lakini ikiletwa mashine, funguo anakabidhiwa kijana wa kiume, na mafunzo yakiitishwa anaitwa huyo huyo. Kijana akenda dago, kambi ya uvuvi, elimu yote ya ile mashine imekwenda naye.

Siku ile bibi mmoja alisogea aone nati gani inafunguliwa. Akaambiwa, "Bi mkubwa, kaa mbali, utachafuka." Akajibu, "Mwanangu, mimi nashinda kwenye tope tangu asubuhi." Hakusogezwa karibu hata hivyo. Mwakani mashine ikizima kwa ugonjwa ule ule, bibi atapiga simu ile ile.

Wavuvi wetu hawaishi hivi. Hakuna nahodha wa boti ya mashine anayetoka Wete au Mkoani bila plagi ya akiba na spana yake, na hakuna baharia anayeambiwa asiguse mashine mpaka fundi aje. Wanajifunza kwa kuangaliana, mkubwa anafungua, mdogo anashika taa.

Nakubali, si kila kitu cha kufungua shambani. Pampu ya dizeli ikiharibika ndani, au nozo ikitaka kupimwa msukumo, ipelekwe kwa mwenye kifaa. Na asiguse mtu mkanda wala majembe ya kuburugia injini haijazimwa. Lakini kusafisha bakuli la oili la kichujio cha hewa, kukaza mkanda, kupaka grisi, kuchungulia oili ya giaboksi? Oili ile ikigeuka nyeupe kama maziwa, maji ya jaruba yameshapenya kwenye sili. Mwanamke anayelijua hilo ataisimamisha mashine siku hiyo hiyo, kabla gia hazijaliwa.

Marekani wakulima wamegombana na watengenezaji wa matrekta miaka mingi, kwa sababu matrekta mapya yana kompyuta ambayo mkulima hawezi kuifungua. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kazi Januari 2024, kuwalazimisha watengenezaji wawape wakulima vitabu, vipuri na vifaa vya kujitengenezea. Pawatila zetu hazina kufuli hiyo. Nati ziko wazi, anayezifunga ni sisi kwa kauli zetu za "usiguse".

Ninalotaka lifanyike kabla ya vuli: kila ushirika wenye pawatila uwe na boksi la spana linalokaa bondeni kwa mwanamke aliyechaguliwa na wenzake, filta za akiba, na kitabu cha mashine kwa Kiswahili chenye picha. Mafunzo yafanyike tuta kwa tuta, mashine ikiwa imefunguliwa, mikono ya kina mama ndiyo inayofungua na mkufunzi ndiye anayetazama. Na fundi akiitwa, asilipwe mpaka awaoneshe wawili kati yao alichokifanya, na wao wakirudie mbele yake.